Mama, Usimlaumu Kocha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu mgongo umepoa na umeacha kuinamia cherehani kutwa nzima, ingawa nakujua, umeacha kwa maneno tu. Mimi ni mzima, goti ndilo lenye visa vyake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kutia neno, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Najua umemkasirikia kocha. Amenisikilizisha ujumbe wako wa sauti, mama! Ulimwita mtovu wa shukrani, ukamuuliza kama amesahau alivyokuwa akila kwako enzi zile anacheza nami, tena ukasema kama nahodha anakalishwa benchi, basi nirudi nyumbani nikusaidie kushona. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akausikiliza tena, safari hii bila kucheka. Nilimwonea huruma.

Ngoja nikueleze msimu ulivyokwenda. Tulianza vibaya kupita kiasi. Wafungaji wetu wawili walihamia timu nyingine ya kikapu, na magazeti yakatuzika tukiwa hai. Mkurugenzi wa klabu alikuwa anatafuta sababu tu ya kumfukuza kocha. Tukajifunga kibwebwe, mazoezi asubuhi na jioni katika ule ukumbi unaovuja, tukichenga ndoo zilizotegwa sakafuni. Ushindi ukaanza kuja, mara kwa pointi moja, mara kwa bahati, hadi tukapenya kwenye mtoano tukiwa wa mwisho kabisa kuingia.

Nusu fainali tukapangwa na mabingwa, na anayeshinda mechi mbili kati ya tatu ndiye anayesonga mbele. Ya kwanza tulishinda. Ya pili walitutia adabu. Yule msichana wao anayegawa mipira alinipita kulia, akanipita kushoto, nikabaki nimekamata hewa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna mwenzangu aliyenitazama usoni. Wote walisema waamuzi wametuonea. Hawakutuonea, mama. Miguu yangu ilichelewa.

Sasa ujue utaratibu wetu. Siku ya mechi kocha hasomi majina ya wanaoanza. Hupanga jozi tano za viatu mlangoni, na ukiona vyako pale, unaanza. Vyangu huwa vya kwanza, msimu baada ya msimu. Siku ya mechi ya tatu nilivikuta palepale, nikaumia moyo. Nilijua ameviweka kwa urafiki na kwa kunistahi, na staha hiyo ingetutoa mashindanoni.

Basi mama, aliyenikalisha benchi ni mimi mwenyewe. Nilivitoa viatu vyangu nikaweka vya Chiriku, yule mchezaji wetu mpya asiyefunga mdomo, ambaye akikimbia humwoni. Kocha alinivuta pembeni akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamjibu kwamba akivirudisha, navua jezi. Alipoondoka nililia, sikufichi, maana sikuwahi kuisikia filimbi ya kwanza nikiwa nimekaa. Chiriku alimganda yule msichana kama kupe mechi nzima. Robo ya mwisho niliingizwa kwa dakika chache, nikatoa pasi mbili zilizozaa vikapu, na tukashinda.

Kwa hiyo kocha usimpigie tena, ana mambo mengi kichwani. Na nyumbani sirudi. Fainali ni Jumamosi, nitaanzia benchi kwa hiari yangu, na dakika nitakazopewa nitazicheza kwa nguvu zangu zote. Msimu ujao pia nitakuwepo, hata nikipewa dakika tano tu. Hakuna aliyenitupa, mama. Tunataka kombe.

Nisalimie baba mdogo na wanawe, na jirani yetu anayekuletea habari za kila kitu. Ukiwasha televisheni, usinitafute kati ya wale watano wa mwanzo. Tazama kwenye benchi. Yule anayepiga kelele kuliko wote, aliyekataa kukaa kitini, ndiye mwanao.

Akupendaye siku zote,
binti yako, bado nahodha