Nilichomwambia Shangazi Kuhusu RNA za Duara

Jumanne. Songea imeamka na manyunyu, mimi nimeamka na aibu.

Jumapili baada ya misa nilipita Majengo kumwona shangazi Anjela, dada wa marehemu baba. Ni fundi cherehani. Ana saratani ya titi, na wiki hii alitakiwa kwenda Dar kuanza dripu ya dawa za saratani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilikuwa nimetoka kusoma kwamba ndani ya seli zetu zipo molekuli za RNA zenye umbo la duara, ambazo wataalamu walidhani hazitengenezi protini. Kumbe baadhi zinatengeneza, na baadhi ya protini hizo huzuia uvimbe wa saratani usikue. Nikamweleza kwa furaha. Alinisikiliza bila hata kupepesa macho.

Jana mwanaye, Edita, akanipigia simu. "Mama hataki tena safari. Anasema umemwambia kuna dawa mpya, anaisubiri hiyo."

Nilishindwa kuingia darasani.

Sikumdanganya. Ila nilimpa upande mtamu tu. Sikumwambia kuwa protini nyingine za aina hiyo huusaidia uvimbe kukua, wala kwamba haya yote bado yako maabara, hayajawa dawa ya kumpa mgonjwa. Nilitaka kumfariji. Na niseme ukweli: nilipenda kuonekana najua.

Leo mchana nikaenda. Nilimkuta anapinda sketi za shule. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote bila kuzunguka.

Akasimamisha cherehani. "Sasa hizo zangu mimi, ni za kuzuia au za kukuza?"

"Sijui, shangazi. Tiba tuliyonayo sasa ni hiyo dripu."

Nilitamani anifokee.

"Naiogopa, mwanangu," akasema. "Jirani yangu ilimmaliza nywele zote, chakula akawa hakitamani. Uliponiambia mambo yako, nikaona nimepata pa kujificha."

Hapo nikalia. Yeye hakulia. Aliukata uzi kwa meno, akaikunja sketi.

"Mwambie Edita akate tiketi mbili. Daktari akiongea, wewe ndiye utanieleza. Ila safari hii unieleze yote."

Mkuu wa shule amenipa ruhusa. Alhamisi tunaondoka.

Majibu ya daktari yakiwa mabaya, nitaweza kuyasema huku ananitazama usoni?