Malaria Kwenye Karatasi ya Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Kidonge cha asubuhi, kisha chai, kisha kunyoa. Vimebaki vinane. Viwili kwa siku: vitanifikisha Ijumaa asubuhi. Mfanyabiashara aliyekuwa akiniletea kutoka Kigoma kwa miaka sita amehamia Uvira. Hapa shuleni hakuna ajuaye kwamba ninatumia dawa za akili.

Jumanne, 4 Machi
Zahanati. Bima ya afya ya walimu inagharamia haloperidoli, dawa yangu, kwa sharti moja: karatasi itaje ugonjwa, kisha ipigwe muhuri shuleni. Nilimsihi muuguzi aandike «malaria». Aliandika. Nilijiona mwerevu.

Jumatano, 5 Machi
Mama Feza, katibu wa shule, alipiga muhuri mbele ya walimu.
«Pole, Papa Profesa! Mbu wa Kalemie wanapenda damu ya watu wa vitabu.»
Walicheka. Nami nilicheka.
Mfamasia hakucheka. Alilinganisha ugonjwa na dawa, akaifuta haloperidoli kwa kalamu nyekundu, akanipa vidonge vya malaria na kunisisitizia nilale ndani ya chandarua. Ninafundisha mantiki. Sikuona kwamba karatasi yangu ilijipinga yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi ameandika karatasi nyingine, yenye neno la kweli. Nilifika ofisini kwa Mama Feza mara mbili. Mara ya kwanza niligeuka mlangoni. Mara ya pili niliomba chaki.
Ninaogopa. Huko Kabalo, nilipougua, nilihutubia mabehewa ya treni nikiwa pekupeku. Nilipona. Darasa langu sikurudishiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kidonge cha mwisho. Nilikwenda.
Walimu wawili walikuwa wameketi pale. Mama Feza alisoma polepole, akasoma tena, akashusha sauti.
«Papa, hii dawa ya kichwa njo ya nani? Ya ndugu yako?»
Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Bima haimlipii ndugu; alilijua hilo.
«Ni yangu, Mama.»
Muhuri ukashuka. Hakuna aliyetania. Jioni nilipewa dawa ya mwezi mmoja.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu wa jiografia, mmoja wa wale wawili, amehamishia kiti chake dirishani, mbali na changu. Mkuu wa shule hakuniita. Saa nne niliingia darasa la mwaka wa sita, nikafundisha hadi kengele. Maswali yalikuwa mazuri.
Nyumbani nimekaanga samaki aina ya migebuka, nimekula peke yangu. Nimeacha mlango wazi hadi giza lilipoingia, iwapo kuna mwenzangu ambaye angepita.