Posa ya Ndani ya Trela

Mjukuu wangu Mwadime,

Nakusalimu kutoka Kaloleni yetu hapa Voi. Nyanya yako ni mzima, na mbuzi wake pia, ambao siku hizi anawapenda kuliko mimi. Unauliza nilipata wapi ujasiri wa kumposa, maana wewe unamwogopa babake yule msichana wa Maungu unayetaka kumwoa. Sikuupata popote.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi gereji hapa Voi, chini ya Mzee Mwakio, babake nyanya yako. Mzungu mmoja alitaka trela ndogo ya kulala mbugani, ya bati la aluminiamu. Kupiga ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, kunataka watu wawili: mmoja nje anagonga nyundo, mwingine ndani anakaza chuma nyuma ya ribiti, ipondeke. Mzee akagonga, mimi nikajikunja ndani na joto lile. Kila siku uso wake ulinifunga mdomo, lakini humo sikuuona. Basi nikasema kupitia bati, "Mzee, namtaka binti yako Wakesho."

Nyundo ikanyamaza. Nikatazama mlango, ulikuwa upande wake.

"Mbona chuma kinatetemeka?" akauliza.

"Ni joto, Mzee."

"Kaza. Ribiti hii ikipinda, usikanyage kwangu Chawia."

Haikupinda. Wazee wangu wakapanda mlima hadi Chawia na pombe ya posa.

Kwa hivyo tafuta kazi ya kumsaidia huyo mzee wa Maungu, na muwe na kitu katikati yenu, hata kama ni mlango wa choo. Nyanya yako anasema nakufundisha uoga. Ni kweli, lakini uoga huo ndio uliomzaa baba yako.

Babu yako