Dada Yako Anaogelea

Utende,
Mafia.
14 Januari, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Shufaa,

Asalaam alaykum. Shikamoo yako niliisikia kabla simu haijakatika, nami naitika marahaba. Hujambo wewe? Shemeji Taufiki je, mgongo umempa nafuu? Na watoto wameizoea baridi ya Njombe? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, na joto ni lile lile.

Habari niliyonayo haifai kwa simu ya kukatika-katika. Nataka uisome kwa utulivu. Shufaa, dada yako anaogelea.

Rudia kusoma ukitaka. Ni mimi huyu huyu, Time, niliyelima mwani miaka yote kwa kusimama, maji yasinivuke kiuno.

Mambo yalianza hivi. Mwaka jana mwani wetu wa maji mafupi uliharibika. Maji yamekuwa ya moto mno. Unafunga mbegu, ukirudi unaikuta nyeupe, laini, inakatika mkononi. Kikundi chetu kikakubaliana kuhamia kwenye kina, kamba zining'inie kwenye maboya, maana huko maji ni baridi. Ila huko miguu haigusi chini. Tukapatana kuwa anayeogelea atapewa kamba zake, asiyeogelea atabaki ufukweni kuanika mwani wa wenzake kwa ujira.

Sikungoja kuulizwa. Nikasema mimi nitaanika.

Zuena, binti wa Jibondo anayetufundisha kuogelea, akanitazama. "Kwa nini, Bi Time?"

"Mwili wangu ni wa kuzama. Mimi jiwe."

"Nani alikwambia?"

Nikafungua kinywa nimtaje mtu, nikakosa wa kumtaja. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, wimbi likanipindua, marehemu baba akanitoa nikitapika maji? Baba hakusema lolote, alinifunika kanga ya mama tu. Mama naye hakusema. Neno la jiwe nilijitungia mwenyewe, nikalirudia mpaka nikaliamini, nanyi mkalichukua kwangu. Zaidi ya miaka arobaini nimejikataza jambo ambalo hakuna aliyenikataza.

Mansuri hakupendezwa nilipomwambia nitajifunza. Ndugu yake Shaabani alikufa maji, unajua. Akaniambia, "Mke wangu, mwani si kitu cha kufia."

Nikamjibu, "Ndiyo maana nataka kujua kuogelea."

Kesho yake akaja pwani, akakaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akatupa mgongo kwa adabu. Lakini kila nikikohoa, anageuka.

Tulishona nguo zetu wenyewe, suruali ndefu, gauni la kufika magotini na kilemba cha kubana, tukaingia majini tumejistiri. Mwanzoni niliinywa bahari. Nilikuwa nikimkaba Zuena shingo mpaka ananiomba nimwache apumue. Akaamua anifundishe kwanza kulala chali. "Usifanye kitu," akaniambia. Hilo ndilo lililonishinda. Maji yakinigusa sikio nakaza mwili, nazama kweli, kisha nainuka nikisema, "Umeona?" Kana kwamba nimeshinda kesi. Siku moja nikajisikia nikilisema neno hilo kwa furaha, nikaona haya. Nikalala tena, nikajilegeza. Maji yakanibeba. Nikawa natazama mawingu na kucheka, hata nikameza maji mengine.

Jumamosi moja mwezi uliopita ndiyo ikawa siku ya kugawiwa kamba. Boti ilitushusha kwenye boya la kwanza, kila mmoja aogelee mpaka la mwisho. Nilikwenda vizuri hadi katikati, kisha nikatazama chini. Maji yalikuwa buluu nzito, mchanga siuoni. Moyo ukaruka. Nikajisikia nikijiambia, Time, utazama, shika boti. Na boti ilikuwa karibu, Zuena ameshaninyooshea mkono.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Nikageuka chali, nikapumua mpaka moyo ukatulia. Nikageuka tena, nikaendelea. Lile boya la mwisho nililikumbatia kama mtu aliyempokea mwanawe kutoka safari ya mbali. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mansuri, kule ufukweni, akasimama, akavua kofia, akaipunga juu.

Tangu hapo furaha haikai ndani yangu. Kamba zangu zimeshachipua, nyekundu, ngumu, zina afya. Bi Aziza jirani, aliye mkubwa kwangu, naye ameomba afundishwe, na mimi ndiye nitakayemshika mgongo.

Sasa kwako. Ulisema umri wa kurudi chuo cha ualimu umekupita. Taufiki amekataa? Chuo kimekataa? Kama hakuna aliyekataa, mdogo wangu, vaa koti lako uende ukaulize.

Mimi nimeshaomba kujifunza kuendesha mashine ya boti. Hakuna mwanamke hata mmoja wa kikundi anayeiendesha, na sioni sababu. Mansuri sijamwambia bado. Namwacha kwanza amalize kuwasimulia watu wa msikitini jinsi mkewe anavyoogelea.

Nisalimie Taufiki na watoto wote, na Sabra umbusu kwa niaba yangu. Kaka Ussi na Bi Aziza wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu awape afya, awafungulie riziki, atukutanishe tukiwa wazima. Amina.

Ndimi dada yako nikupendaye kwa dhati,

Time