Dozi ya Mtoto Mmoja

Baba Zuhura, mume wangu,

Tangu tukuzike nafungua duka la dawa mwenyewe. Mikindani ni ileile, ila kaunta naiona ndefu sasa nikikaa nyuma yake peke yangu. Mdogo wako ananiambia niuze vidonge viwiliviwili kama duka la ng'ambo ya barabara: faida yake inapita ya dozi nzima, na wateja ndiko wanakokimbilia. Asema nikikataa tutafunga. Shemeji hasemi uongo, rafu zimebaki mbao tupu.

Unamkumbuka yule mama wa mashamba ya korosho? Alinunua penisilini ya mwanawe, akafika nyumbani akaigawa kwa watoto watatu: wake, wa mke mwenzake na wa jirani. Wote walikuwa wakikohoa. Wiki haikuisha akarudi na mtoto anahema kwa shida. Nilimfokea. Akanijibu taratibu, "Wangu anywe, wa mwenzangu atazame? Nitaishi naye vipi?"

Wewe hukumfokea. Ulimkimbiza mtoto hospitali kwa baiskeli, kisha ukafunga dozi tatu, kila moja na jina la mtoto wake, ukamwuzia kwa bei tuliyonunulia. Nilikununia. "Hili duka letu au la kijiji?" nikakuuliza. Ukacheka: "Kijiji ni cha ujamaa, mke wangu. Duka ni letu, ndiyo maana aibu yake ni yetu." Nilikuona mjinga kidogo, na nilikupenda hivyo hivyo.

Jana alikuja mzee mmoja, anataka vidonge viwili tu. Nilimweleza kwamba viwili vitampa nafuu ya siku moja, kisha ugonjwa urudi na nguvu. Akanitazama, akavuka barabara, akavipata. Shemeji alikuwapo, akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga. Baba Zuhura, kushika haki peke yako kunauma. Nilikuwa sijui, maana wewe ulikuwa na mimi hata niliponuna.

Sitauza viwiliviwili. Likifungwa, na lifungwe.

Mwezi huu nami niliugua kifua. Nilijipimia dozi, nikainywa mpaka kidonge cha mwisho. Kila aliyeugua nyumbani kwetu ulikuwa ukimwuliza, "Umemaliza?" Nimemaliza, mume wangu. Nilikaa kitandani nikingoja, na hakuna aliyeniuliza.

Pumzika, mwenzangu.

Mkeo,
Mama Zuhura