Mpira Uliodondoka Kutoka Juu

Dada mpendwa,

Barua hii naiandika kwa nukta nundu, hizi za kusoma kwa vidole, kwa sababu wewe ulijifunza kuzisoma, Baba hakuwahi. Nyumbani wote wazima. Mama amehamishia meza yangu dirishani, lakini tangu jana sikai kitako. Naandika mstari, nainuka, narudi.

Tangu uolewe, Baba ndiye mwelekezi wangu kwenye gofu ya wasioona. Anapanga fimbo yangu nyuma ya mpira, ananitajia hatua zilizobaki, kisha anaenda kugonga mlingoti wa bendera shimoni ili nifuate mlio. Yote kama ulivyomwonyesha.

Jana mazoezini zilibaki hatua nne. Nilipiga, mkono ukaniambia nimelegeza. Kimya. Halafu, ko! ndani ya shimo.

"Umeingia, mama! Fundi wewe!"

Dada, mpira unaobingirika hukwaruza ukingo kabla ya kuanguka. Huu ulidondoka kutoka juu, kutoka mkononi mwa Baba.

"Kweli, Baba?"

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Nikamshukuru tu.

Mashindano ni Jumamosi. Kushindwa sikuogopi. Naogopa kusikia ko! nisijue ni nani aliyeuingiza.

Wewe ulikuwa ukisema, "Bovu hilo, rudia," nami nikikununia hadi wakati wa kulala. Tafadhali njoo, unifanye nikununie tena.

Mdogo wako,
ambaye hadi leo hajui jana alikosa kwa kiasi gani.