Kwa Nini Pedali ya Kushoto Hufungwa Kinyume

Mpendwa mkamwana wangu,

Kaka yako amenipigia simu kutoka Karonga. Anasema kuna mwanamume huko anayetaka kukuoa, nawe umekataa kumjibu mpaka baba wa marehemu mume wako aseme neno. Nimebaki na simu mkononi. Miaka yote uliyoishi kwangu Makwale, mimi na wewe hatukuwahi kusemeshana.

Wewe unajua sababu, ila wengine watakaosoma huenda wasiijue. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawaongei. Tunauita mwiko huo ukutila. Familia nyingi za kanisani zimeshauacha. Mimi niliushika kwa kuwa mama yangu aliushika, nawe uliushika kwa kuniheshimu. Ukiniona njiani uliingia kwenye migomba, wewe na baiskeli yako na mikungu ya ndizi nyuma, hadi nipite.

Nakumbuka siku pedali yako ya kushoto ilipopinda. Mwanangu alikuwa Mbeya. Nikiwa upande wangu wa ua wa mianzi, nilisikia spana ikigonga chuma nawe ukiguna. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Nilijua kwa kusikia tu kwamba unakaza ukidhani unafungua. Ningefanyaje? Nikamgeukia mbuzi wangu aliyefungwa karibu.

"Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti ya darasani, "pedali ya kulia hufunguliwa kama nati zote. Ya kushoto ni kinyume."

Spana ikalia tena, na pedali ikatoka.

"Ndaga, kuku wangu," ukashukuru upande wa pili. "Sasa kamuulize huyo mbuzi msomi, kwa nini iwe kinyume?"

Nilicheka hadi nikajishika ubavu. Nikaanza kumweleza mbuzi, lakini jirani akaingia uani na kunitazama. "Mwalimu, siku hizi unafundisha mpaka mifugo?" Nikanyamaza kwa aibu. Nilidhani siku za kukujibu zipo.

Jibu lako ni hili. Kata karatasi umbo la pembetatu, uizungushe kwenye penseli. Utaona ukingo wake unapanda huku unazunguka, kama njia ya mlimani. Meno ya bolti ni njia hiyo, imechongwa kwenye chuma. Ukizungusha huku nati inapanda, ukizungusha kule inashuka. Njia ingeweza kuchongwa upande wowote, chuma hakijali. Ilichaguliwa kulia, kama mishale ya saa inavyokwenda, kwa kuwa wengi wetu hutumia mkono wa kulia, na mkono huo una nguvu zaidi ukipindwa kuelekea nje. Kisha mafundi wakakubaliana, ili nati iliyonunuliwa Kyela iingie kwenye bolti ya Karonga.

Pedali ya kushoto ina shida yake. Kila unapokanyaga, uzito wa mguu hulibiringisha shina la pedali kidogo kidogo ndani ya tundu lake. Kwa upande wa kulia, kubiringika huko hukaza. Kwa upande wa kushoto, kungelegeza, na siku moja pedali ingekudondokea njiani. Ndiyo maana meno ya kushoto huchongwa kinyume. Kinachokaza upande mmoja hulegeza upande wa pili, na fundi mzuri huliangalia hilo mapema.

Mimi sikuliangalia katika mwiko wetu. Mwanangu alipofariki, ulilia upande wako wa ua nami nikalia upande wangu. Wote walikuja kukushika mkono, isipokuwa mtu aliyempenda marehemu kama ulivyompenda wewe. Ukaondoka kwenda kwa kaka yako bila kuniaga, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuniaga.

Nilitamani urudi. Nilikuwa nawaza kuwaita wazee wa ukoo, tuuondoe mwiko huu mbele yao, uje ukae nasi kama binti wa nyumba. Niliwaza taratibu mno, kama wazee tunavyowaza, na maisha yako hayakungoja.

Kwa hiyo neno langu ni ndiyo. Olewa, mwanangu. Huna deni kwangu wala kwa marehemu. Kinachoniuma ni kwamba neno la kwanza kukuambia wewe mwenyewe, bila mtu wala mnyama katikati yetu, ni la kukuruhusu uende.

Mimi, baba wa mume wako,
na baba yako, ukikubali.